Kiingereza nakisoma bila shida, lakini nikiandika makosa ni yaleyale. Nifanye mazoezi gani?

Mwandika Ripoti

Wakuu, habari za wakati huu.

Nina jambo linaloninyima raha, mwaka wa pili sasa. Kazi yangu ni kuandika ripoti kwa Kiingereza. Kusoma sina tatizo: makala za kitaalamu, magazeti, hata riwaya ya kurasa 400 naimaliza kwa wiki moja na kisa nakielewa chote. Nilifanya mtihani wa kimataifa wa lugha, nikapata 8 kati ya 9 kwenye kusoma na 6.5 kwenye kuandika. Nikajifungia miezi minne kujiandaa, nikarudia. Kusoma 8.5. Kuandika, 6.5 ileile.

Miezi hiyo minne sikukaa bure. Nilimaliza kitabu kizima cha mazoezi ya sarufi ya ngazi ya juu, yale ya kujaza nafasi na kuchagua jibu, na mara nyingi nilipata 45 kati ya 50. Nikaandika maneno mapya daftarini, ishirini kwa siku nikiweza, mpaka yakafika 1,100, kila moja na maana yake ya Kiswahili pembeni. Juzi nilikaa na lile daftari na ripoti zangu zote za mwaka huu, nikatafuta ni mangapi kati ya maneno hayo nimewahi kuyatumia. Nilipata 14. Nikalifunga daftari, nikakaa kimya muda mrefu.

Ripoti yangu ya mwisho imerudi na wino mwekundu kila aya. Nimeandika "We discussed about the budget". Nimeandika "Although the data came late, but the team continued". "When the funds will arrive, we will begin." "He gave us many advices." Na katika kurasa mbili tu, "the" imeongezwa au kufutwa mara kumi na moja. Kinachoniuma ni kwamba sheria za karibu yote hayo nazijua. Nikikutana nazo kwenye zoezi nazipata. Nikishika kalamu kueleza jambo langu mwenyewe, zinanitoka.

Swali langu ni hili: mtu aliyekwisha kuvuka hatua za mwanzo afanye mazoezi gani ya sarufi, msamiati na kusoma, ili kile anachokijua kimfikie mkononi anapoandika? Naomba kuwasilisha.

Msomaji wa Usiku

Mkuu, soma zaidi. Mimi sikuwahi kumaliza kitabu cha sarufi hata kimoja. Nilisoma riwaya baada ya riwaya, nyingine mara mbili, ikafika siku nikaona sentensi mbaya inanikera sikio kabla sijajua kosa lake ni lipi. Achana na kujaza nafasi. Chagua vitabu unavyovipenda, soma kila siku, mengine yatakuja.

Kalamu Nyekundu

Pole sana, Mwandika Ripoti. Mwaka wa kumi na tisa huu nahariri maandishi ya Kiingereza ya wazungumzaji wa Kiswahili, na sentensi zako nne nazifahamu kama sura za watu wa nyumbani kwangu. Hakuna hata moja inayonishangaza.

Ndugu yangu Msomaji wa Usiku hakukosea, kusoma sana kunajenga sikio. Lakini mtu wa 8.5 akiongeza kusoma kwa namna ileile hataponea hapo. Fanya jaribio: chukua ukurasa mmoja wa gazeti la Kiingereza, futa kila "a", "an" na "the", kisha usome. Utaielewa habari yote. Macho yako yamejua siku nyingi kwamba vineno hivyo havibebi kisa, kwa hiyo yanavipita. Unasoma vizuri kiasi kwamba huvioni tena.

La pili, na hapa naomba unisikilize kwa makini: makosa yako hayakutokea ovyo. Chini ya kila moja kuna sentensi nzuri kabisa ya Kiswahili. "When the funds will arrive" ni "fedha zitakapofika". Sisi wakati ujao tunauweka ndani ya kitenzi hichohicho, Kiingereza hakiuweki. Baada ya "when", "until", "before" na "as soon as" kinatumia wakati uliopo: "when the funds arrive". "Although" na "but" katika sentensi moja ni "ingawa" na "lakini", ambazo kwetu zinakaa pamoja bila ugomvi. "Discuss about" ni "kujadili kuhusu". Sasa nikutajie mengine ambayo hukuyaleta, ila nina hakika yamo kwenye ripoti zako.

"If I would have known, I would have come." Hiyo ni "ningalijua, ningalikuja". Kwetu -ngali- inakaa pande zote mbili na ndio utaratibu. Kiingereza kinaweka "would have" upande wa matokeo peke yake. Upande wa sharti ni "if I had known".

"He has slept", mtu akitaka kusema "amelala", yaani yuko usingizini sasa hivi. Kiambishi chetu -me- kina kazi mbili: kusema tendo limekamilika, na kusema hali iliyobaki baada ya tendo. Amelala, amesimama, amevaa, amechoka. Kiingereza hali hiyo kinaitaja kwa njia nyingine: "he is asleep", "he is standing", "she is wearing a coat". Ukiandika "she has worn a coat", msomaji wako anaelewa kwamba aliwahi kulivaa.

"He was stolen his phone." Aliibiwa simu. Kiswahili kinamruhusu aliyepatwa na jambo awe kiima, na naipenda sana sarufi yetu kwa hilo. Kwa Kiingereza kinachokuwa "stolen" ni simu. Ukitaka mtu aje mbele sema "he had his phone stolen", au badilisha kitenzi, "he was robbed of his phone".

Tuje kwenye "the". Watu husema Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo. Linganisha "nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu". Ile -ki- inamwambia msikilizaji kwamba ni kitabu ambacho mimi na wewe tunakijua. Sentensi ya kwanza mara nyingi ni "a book", ya pili ni "the book". Kwa hiyo ukikwama, isemee sentensi yako moyoni kwa Kiswahili, usikilize kama ulimi unataka kukipachika kiambishi hicho. Haitakufaa kwa watu, maana kwa watu tunakiweka karibu kila mara, kama "nimemwona mwalimu", wala haitakufaa kwa nomino iliyo kiima. Lakini hisia ya kitu kinachojulikana na kisichojulikana unayo tangu utotoni. Hukuja mikono mitupu kama unavyodhani.

Zoezi lenyewe sasa. Chukua ripoti tatu zilizorudi na wino. Fungua daftari, kurasa mbili zinazotazamana. Kushoto andika kosa, na chini yake sentensi ya Kiswahili iliyolizaa. Kulia andika sentensi nzima iliyo sahihi, kisha moja mpya kutoka kazini kwako. Sheria usiziandike, unazijua tayari. Nimeona watu wakiamini wana makosa mia, wakiyapanga hivi yanakuwa aina nane au tisa. Ukishazijua aina zako, kila ripoti mpya ipitie mara moja kwa kila aina: mzunguko mmoja wa "the" tu, mmoja wa "when" na "until" tu. Na anzia sentensi ya mwisho urudi nyuma mpaka ya kwanza, ili hoja isikuchukue ukasahau unachotafuta.

Kuna zoezi jingine la zamani ambalo sijaona linaloshinda hilo kwa mtu wa ngazi yako. Benjamin Franklin, alipokuwa kijana katika karne ya 18, alichukua insha za gazeti la Spectator la London, akaandika kidokezo kifupi cha kila sentensi, akaziweka kando siku chache, kisha akaiandika insha upya kutokana na vile vidokezo, halafu akalinganisha na ya asili na kusahihisha makosa yake. Yeye Kiingereza kilikuwa lugha yake. Alichogundua ni kwamba anapungukiwa maneno. Wewe chukua aya ya maneno 150, si zaidi, na vidokezo viandike kwa Kiswahili. Siku tatu baadaye irudishe kwa Kiingereza bila kuchungulia. Hapo unavuka mto uleule unaouvuka ukiandika ripoti, isipokuwa safari hii aliyeuvuka vizuri yuko ng'ambo anakusubiri, na unaweza kuona ulipoteleza.

Mwandika Ripoti

Dada, asante. Nimeisoma mara tatu. Nimefungua ripoti ya mwisho nikatafuta "when" na "until" peke yake: mara sita nimeweka "will" baada yake. Mara sita, na hakuna hata moja niliyoiona nilipoipitia kabla ya kuituma.

Niulize mawili zaidi. Lile daftari la maneno 1,100 nilitupe? Na riwaya niache kwa muda nisome maandishi ya kazi tu?

Kadi na Penseli

La daftari nitalijibu mimi, maana nimepita njia hiyohiyo.

Usilitupe. Kilichoharibu ni ile safu ya pembeni. Ukiandika neno moja la Kiingereza na neno moja la Kiswahili, umejifunza kulitambua likija, na mtihani wa kusoma hautaki zaidi ya hapo. Kuandika kunataka ujue neno linatembea na nani. Angalia "kufanya" yetu. Tunafanya kosa, tunafanya mtihani, tunafanya utafiti, tunafanya uchaguzi, tunafanya uhalifu. Kiingereza kila mmoja wao amepewa mwenzake: "make a mistake", "take an exam", "conduct research", "hold an election", "commit a crime". Usiulize kwa nini. Kwetu pia mvua hunyesha, jua huwaka na upepo huvuma, na mgeni akikuambia mvua inaanguka utamwelewa, ila utajua ni mgeni.

Kwa hiyo pitia yale 1,100, chagua yale tu ambayo kazi yako inayahitaji, na kila moja liandike likiwa na wenzake wawili au watatu, pamoja na kihusishi chake na taarifa kama linahesabika. "Evidence" peke yake haikusaidii. "There is strong evidence that", "a piece of evidence", "evidence of", hayo ndiyo utakayoyatumia. "Advice" hivyohivyo: "a piece of advice", "follow someone's advice". Ile "advices" yako ilitokana na kujua maana ya neno bila kujua tabia yake. Weka pia "information", "equipment", "research" na "furniture" kwenye ukurasa huohuo.

Kuhusu wingi, usikimbizane na maneno adimu. Mtafiti Paul Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba familia 8,000 hadi 9,000 za maneno, kila familia ikiwa ni neno pamoja na maumbo yake, zinatosha kumfanya mtu ajue asilimia 98 ya maneno yaliyomo kwenye riwaya au gazeti, yaani neno moja geni katika kila hamsini. Wewe unayemaliza riwaya kwa wiki, naamini huko mbali nako. Kuna orodha nyingine aliyoitoa Averil Coxhead mwaka 2000, familia 570 tu za maneno ya maandishi ya kitaaluma: "assume", "indicate", "consist" na wenzao. Yote utayafahamu kwa sura. Hayo ndiyo ya kuyafanyia kazi, yaliyo macho kwenye kurasa za wengine na yamelala kwako.

Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili iweke pembeni kwa zoezi hili, tumia ya Kiingereza iliyotungwa kwa wanaojifunza. Mimi napenda COBUILD, iliyoanza kutoka 1987, kwa sababu inafafanua neno kwa sentensi nzima na mifano yake imetoka kwenye maandishi ya kweli. Ukisoma maana umeshaona neno linavyokaa.

Tano kwa wiki. Si ishirini kwa siku. Yarudie kesho yake, baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya mwezi, na kila mara ufunike Kiingereza, utaje kifungu kizima kwa sauti.

Jicho la Pili

Riwaya usiache! Ukiacha raha utaacha na kusoma. Ila tenga aya moja kwa siku, moja tu, ya kusoma polepole na penseli mkononi.

Kitu cha kwanza cha kutafuta ni kitenzi kikuu. Sisi tumezoea kusaidiwa. "Uamuzi ambao wajumbe wa kamati walifikia baada ya mikutano ya mwezi uliopita ulibatilishwa." Ile u- ya "ulibatilishwa" inatupeleka moja kwa moja kwenye "uamuzi", hata katikati pawe na msitu. Sasa hii: "The decision the members of the committee reached after last month's meetings was reversed." Hakuna kiambishi kinachokuelekeza, ni "was" peke yake, na "meetings" iliyo karibu nayo inakuvuta uandike "were". Piga mstari chini ya kiima na kitenzi chake kila sentensi, wiki mbili hivi, halafu uangalie sentensi zako ndefu. Nadhani utakuta kadhaa hazina kitenzi kikuu kabisa.

Kitu cha pili ni jinsi mwandishi anavyopima uhakika wake. Ukiwa unafuatilia kisa, "may", "tends to", "appears to" na "suggests" hupita kama mapambo. Si mapambo. Waandishi wa kitaalamu huandika "the results suggest" mahali ambapo wengi wetu tunaandika "the results prove", na tofauti hiyo msomaji mzoefu anaiona upesi. Zungushia duara kila neno la namna hiyo.

Cha tatu ni "this" ikifuatwa na nomino: "this decline", "this approach". Hapo mwandishi amekunja aya nzima iliyotangulia akaifunga kwa neno moja. Kuchagua nomino hiyo ni ufundi. Jaribu kuifunika na kukisia kabla hujaitazama.

Mwandika Ripoti

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano, nimeona si vizuri kunyamaza.

Aina zangu za makosa ni tisa, Kalamu Nyekundu hakukosea. Kubwa kuliko zote ni "the", ya pili ni ile ya "when" na "will", ya tatu, ambayo sikuitarajia, ni ya -me-: nilikuta "the machine has broken down since Monday" mara tatu, kwa sababu kichwani nilikuwa na "imeharibika tangu Jumatatu". Zoezi la Franklin nimelifanya mara kumi na mbili. Mara ya kwanza ilinivunja moyo. Aya ya maneno 148, nikairudisha nikidhani nimeipatia, kulinganisha nikakuta tofauti 31, na nyingine za kuuma: mwenzangu kaandika "raise concerns", mimi nimeandika "bring worries", na "raise concerns" naielewa tangu zamani! Mara ya kumi na mbili tofauti zilikuwa 17, na sita kati ya hizo kwa kweli zangu pia zilikuwa sahihi, nilithibitisha kwenye kamusi.

Ripoti ya wiki iliyopita imerudi. "The" katika kurasa mbili imeguswa mara tano. "Will" baada ya "when", hakuna. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilirudi mwanzo nikahesabu tena, nikidhani nimeruka.

Msomaji wa Usiku, riwaya naendelea nayo, na safari hii hilo sikio ulilolisema nimeanza kulisikia kidogo.

Moja bado linanishinda. Nimeandika "the role of women in the society", "the" ikafutwa. Aya iliyofuata nikaandika "in society they had left behind", ikaongezwa. Nimejaribu mbinu ya kiambishi haijanisaidia, maana si yambwa, yaani si kitu kinachotendewa na kitenzi.

Kalamu Nyekundu

Umenifurahisha sana leo.

"Society" ikiwa ni maisha ya pamoja ya binadamu kwa jumla, haichukui "the": "the role of women in society". Ikiwa ni jamii moja uliyoifungia mpaka kwa maneno yanayofuata, inachukua: "the society they had left behind". "Nature" inakwenda vivyo hivyo: "in nature" ni katika maumbile, "the nature of the problem" ni asili ya tatizo fulani. Na "history": "in history", lakini "the history of the project". Angalia kinachofuata nomino kabla ya kuamua.

Kwenye Kiswahili tunasema "katika jamii" kwa yote mawili, ndiyo maana ulimi haukukuonya. Ukurasa wa kushoto andika "katika jamii" mara mbili, moja chini ya nyingine, na mbele ya ile ya pili uongeze "waliyoiacha".